Mwalimu Nyerere na hesabu ya watoto darasani

Miaka michache kabla ya kufariki dunia, Julius Kambarage Nyerere alikutana na maofisa wa Benki ya Dunia mjini Washington. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa kwa nini alishindwa. Hakulijibu kwa kutaja viwanda, bei ya pamba wala thamani ya shilingi. Alijibu kwa hesabu ya shule. Alisema Waingereza waliacha nchi ambayo watu 85 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika, ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Yeye alipoondoka Ikulu, wasiojua kusoma walikuwa 9 katika kila 100, na wahandisi na madaktari walihesabika kwa maelfu. Kisha akawakumbusha kwamba amekaa nje ya madaraka miaka 13, kwamba katika miaka hiyo nchi ilitekeleza kila ilichotakiwa na Benki hiyo pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwamba watoto walioko shuleni wamepungua kwa theluthi moja. Akawarudishia swali lao.

Mfanyabiashara wa Namanga au Mutukula anaijua mizozo ya namna hiyo. Watu wawili wakikagua duka moja, mmoja atahesabu fedha iliyomo kwenye droo na mwingine atahesabu mali iliyoko stoo. Wote wawili watasema kweli, na wanaweza kubishana hadi duka lifungwe. Nyerere alikuwa na stoo yake moja aliyoitazama maisha yake yote, nayo ni idadi ya watu wake wanaojua kusoma. Hesabu hiyo ndiyo iliyompa ushindi mkubwa kuliko wote alioupata ndani ya nchi. Ndiyo pia iliyomficha mambo ambayo Tanzania na majirani zake wanaendelea kuyalipia.

Mchunga mbuzi wa Butiama

Alizaliwa Aprili 1922 kijijini Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, kabila dogo lisilokuwa na sauti kubwa katika Tanganyika. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo, ambao idadi yao ilizidi 20. Jina Kambarage ni la mzimu wa mvua, na alipewa kwa kuwa mvua ilinyesha siku aliyozaliwa.

Alichunga mbuzi hadi akafikisha miaka 12. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, kiasi cha kilomita 40 kutoka nyumbani. Utawala wa Kiingereza ulihitaji watoto wa watemi wasome ili waje kuusaidia kutawala, na kwa sababu hiyo mtoto wa mtemi alipata nafasi ambayo mtoto wa mkulima wa jirani hakuiota. Masomo ya miaka minne aliyamaliza katika mitatu. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, shule ya serikali iliyokusanya vijana wachache kutoka nchi nzima na kuwalea kwa mtindo wa shule za mabwana wa Uingereza. Huko ndiko alikojifunza kuwa miongoni mwa wateule, na dalili zote zinaonyesha kwamba jambo hilo lilimkera mapema.

Mwaka 1943 alibatizwa kwa jina la Julius na akaingia Makerere, Uganda. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, na kijana wa Butiama, wa Nyeri au wa Unguja aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alielekea Kampala. Kwa hiyo utangamano wa Afrika Mashariki, kwa kizazi chake, ulianza katika mabweni kabla haujaandikwa kwenye mkataba wowote. Alitoka mwaka 1945 akiwa na diploma ya ualimu.

Alirudi Tabora kufundisha biolojia na Kiingereza katika shule ya misheni ya St. Mary's. Kuna kipande kidogo cha maisha yake ya wakati huo ambacho wenye maduka watakipenda. Kwa muda mfupi alifanya kazi ya ukaguzi wa bei kwa serikali ya kikoloni, akipita madukani kuangalia wenye kuuza wanatoza kiasi gani. Aliandika taarifa za bei za udanganyifu, hakuna aliyezifanyia kazi, naye akaacha. Huenda hapo ndipo ilipoanzia ile hali ya kutowaamini wafanyabiashara iliyomfuata hadi Ikulu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1969, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu wafanyabiashara wa Venice, hakuwaita wafanyabiashara. Aliwaita mabepari.

Kutoka 1949 hadi 1952 alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akawa mmoja wa Watanganyika wa mwanzo kupata shahada Uingereza. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, mwalimu mwenzake, na mwaka huo akaanza kufundisha St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa naye akiwa rais wake. Mapema 1955 alikwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimlazimu kuchagua kati ya ubao na jukwaa. Akaacha kazi, mshahara ukakatika, na mkewe akaendesha duka dogo ili familia ile. Cheo cha Mwalimu hakikumwacha hadi kaburini.

Hesabu ya kwanza: nafasi za kazi

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, daftari la elimu lilikuwa linatia aibu. Katika nchi nzima kulikuwa na watoto wapatao 490,000 katika shule za msingi. Sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Wiki chache kabla ya uhuru kilifunguliwa chuo kikuu kishiriki chenye kitivo kimoja, cha sheria. Kwa kuwa hakikuwa na majengo, masomo yalianza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wote walitosha katika chumba kimoja.

Serikali changa haikuanza kwa kuhesabu watoto. Ilianza kwa kuhesabu viti vya ofisini. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, wa 1964, uliuliza ni wahandisi, madaktari, mahakimu na walimu wa sekondari wangapi wanahitajika ili ifikapo 1980 nchi isitegemee wageni. Fedha ziliwekwa sekondari na chuo kikuu, na shule za msingi zikaambiwa zisubiri. Kwa mantiki ya mwenye duka aliyekosa karani, mpango huo ulieleweka. Nchi isiyo na daktari haiwezi kusubiri mtoto wa darasa la kwanza akue.

Kilichombadilisha Nyerere kilitokea Oktoba 1966. Wanafunzi karibu 400, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahudumu kwa muda na kukatwa sehemu ya mishahara yao ya mwanzo. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza wote warudi makwao. Siku hiyohiyo alitangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Aliona kwamba vijana aliowahesabu kama mtaji wa taifa walikuwa wanajihesabu kama wadai wake.

Haikupita hata nusu mwaka, nchi ikageuzwa. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Machi ukafuata waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Mle aliweka takwimu wazi. Wanafunzi wa msingi walikuwa wamefika 825,000 na wa sekondari 25,000, ongezeko ambalo kiongozi mwingine angelipigia ngoma. Yeye alilisoma kwa upande wa pili. Elimu ilikuwa inakula karibu moja ya tano ya mapato ya serikali, na kati ya watoto wanaomaliza shule ya msingi ni 13 tu katika kila 100 waliopata nafasi ya sekondari. Shule ya msingi ilikuwa inaendeshwa kama chujio la kuwapata hao 13, na wale 87 walirudi kijijini wakijiona wameshindwa mtihani wa maisha. Aligeuza swali. Badala ya kuuliza ni wangapi wamefika juu, alitaka kujua wale wanaobaki wanabaki na nini. Shule ya msingi iwe kamili yenyewe, Kiswahili kiwe lugha yake, na kila shule iwe na shamba.

Ngumbaru, ngazi nne na Azimio la Musoma

Mtoto anayeanza darasa la kwanza huchukua miaka mingi kabla hajawa mkulima, na Nyerere hakuwa na subira hiyo. Alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka uliofuata wilaya sita zilichaguliwa kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma: Mafia, Ukerewe, Masasi, Tarime, Pare na Kilimanjaro. Wasomaji wa mipakani watatambua kwamba tatu za mwisho zinapakana na Kenya. Anayeshuka leo Sirari au Holili kununua vitunguu anakanyaga ardhi ambayo bibi zake wauzaji walikaa chini ya mwembe jioni wakijifunza kuandika majina yao.

Madarasa hayo watu waliyaita ngumbaru. Yalifanyika makanisani, ofisi za chama, vivuli vya miti. Wengi wa walimu walikuwa wa kujitolea, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu na kujikuta wanawafundisha shangazi zao. Wanawake walijaa kuliko wanaume. Vitabu vya kujifunzia havikuanza na hadithi za sungura bali pamba, mahindi, uvuvi na ng'ombe, kila kanda kwa zao lake. Redio iliunganishwa na vikundi vya kusikiliza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu wapatao milioni mbili, wakachimba vyoo na kufyeka nyasi huku wakijizoeza kusoma.

Lililo la maana zaidi ni namna walivyopimwa. Mwaka 1975, wakati zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wameandikishwa, taifa zima lilifanya mtihani. Ngazi zilikuwa nne. Za mwanzo mbili zilikuwa za anayetambua herufi na kusoma maneno au sentensi fupi, na huyo alihesabiwa kuwa bado. Wa ngazi ya tatu aliweza kusoma na kuandika ujumbe na kufanya hesabu za kawaida. Wa ngazi ya nne alitumia alichojua, yaani kusoma gazeti, kuandika barua, kutunza daftari la mapato na matumizi. Serikali chache duniani ziliwahi kuwaketisha watu wazima wote wa vijijini kwenye mtihani ili zijue hali ya taifa. Matokeo yaliyotangazwa yaliushangaza ulimwengu. Sensa ya 1967 ilionyesha watu wazima 67 katika kila 100 hawajui kusoma. 1975 wakawa 39. 1977 wakawa 27. 1981 wakawa 21. Na 1986 wakafika chini ya 10. Hiyo ndiyo ile 9 aliyoibeba hadi Washington.

Kwa watoto, uamuzi mkubwa ulifanyika Musoma, mji ule ule alikoanzia shule. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana huko na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyopangwa kufikiwa 1989, ifikiwe 1977. Ada za shule za msingi zilikuwa zimefutwa mwaka mmoja kabla. Wanafunzi wa msingi, waliokuwa kiasi cha milioni moja na nusu katikati ya muongo huo, walikaribia milioni tatu kabla haujaisha. Wa kuwafundisha hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa redio, kwa vitabu vya posta na kwa kusimamiwa na mwalimu wa jirani. Waliitwa walimu wa UPE, na jina hilo halikuwa la heshima kila mahali.

Kuna ukurasa wa daftari hili usiopendeza. Shule zilizijaa haraka kwa sababu watu walikusanywa haraka. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na pale waliposita, nguvu ilitumika. Zipo sehemu ambako nyumba za zamani zilichomwa moto ili mtu asirudi. Mwenye kusoma mstari wa uandikishaji ukipanda kama mlima hawezi kuuona moshi huo. Nyerere aliuona, akakemea baadhi ya maofisa wake, lakini hakusimamisha operesheni.

Kilichobaki nje ya daftari

Kila kipimo huvuta macho upande wake. Kilichobaki nje ya macho ya Mwalimu kilikuwa sekondari. Aliibana kwa makusudi, kwa haki ya hesabu ile ile: kwa nini wachache waendelee kula fedha za wengi? Nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa kila wilaya ili maeneo yaliyosahauliwa nayo yapate, jambo lililosaidia sana kuliunganisha taifa. Lakini keki yenyewe ilikuwa ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya kila vijana 100 wa umri wa sekondari hawakufika 5 waliokuwa darasani, kiwango cha chini miongoni mwa vya chini kabisa duniani. Kenya, upande wa pili wa Namanga, iliwaachia wananchi wajenge sekondari za Harambee kwa michango yao. Nyingi zilikuwa mbovu, lakini zilikuwepo. Wazazi wa Kilimanjaro na Kagera walianza kujenga zao bila kusubiri ruhusa ya moyo ya chama. Na katika miaka ya 1990 mabasi ya kwenda Nairobi na Kampala yalibeba watoto wa Kitanzania wenye masanduku ya bweni, wakifuata Kiingereza na nafasi ambazo hawakuzipata nyumbani. Fedha za wazazi hao zilivuka mpaka pamoja nao.

Ubora nao haukuwa na safu yake katika daftari. Mtoto aliyeandikishwa alihesabiwa hata kama darasa lake lilikuwa na wenzake 90 na kitabu kimoja. Na ngumbaru aliyepanda hadi ngazi ya tatu alirudi kwenye kijiji kisichofikiwa na gazeti, akakaa miaka mitano bila kusoma chochote zaidi ya bango la chama. Sensa ya 2002 ilikuta karibu saba tu kati ya watu wazima kumi wakijua kusoma. Sehemu ya pengo hilo ni tofauti ya njia, kwa sababu mtihani wa ngumbaru na swali la karani wa sensa mlangoni si kitu kimoja. Sehemu nyingine ni watu waliosahau, na watoto ambao hawakupelekwa shule kabisa.

Huku shule zikijaa, maduka yalikuwa yanabaki matupu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Nyerere aliiasisi pamoja na Kenyatta na Obote mwaka 1967, ilivunjika 1977, mwaka ule ule wa elimu kwa wote. Tanzania ilifunga mpaka na Kenya mwezi Februari, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba biashara halali ya Namanga, Taveta na Sirari ilikufa na magendo yakashika nafasi yake. Katikati yake ikaja vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin, bei ya mafuta ikapaa, na sabuni ikawa bidhaa ya kupangiwa foleni. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na wenye maduka wengi walijikuta mahabusu pamoja na walanguzi wa kweli. Mwalimu alijivunia kwamba mama wa kijijini anaweza kutunza daftari la mapato na matumizi, ngazi ya nne kabisa. Kwamba mama huyo hakuwa na cha kuandika ndani yake, hilo lilimchukua muda mrefu kulikiri.

Hapa ndipo jibu lake la Washington linapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Ni kweli kwamba masharti ya wakopeshaji yaliziumiza shule, na kwamba michango ya kila namna iliwarudisha watoto wengi nyumbani katika miaka ya 1990. Lakini mstari haukuanza kushuka baada yake. Uandikishaji, uliokuwa umefikia zaidi ya watoto tisa katika kila kumi kuelekea 1980, ulianza kuteremka yeye akiwa bado Ikulu, kwa sababu hazina ilikuwa imekauka na mzazi asiye na sare wala daftari hakuona faida. Hakuwaambia hilo maofisa wa Benki. Pengine hakuwa na wajibu wa kuwaambia, kwa jinsi swali lao lilivyokuja.

Novemba 1985 alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi na kurudi Butiama kulima. Tangu 1987 aliongoza Tume ya Kusini, iliyokusanya wataalamu wa nchi maskini za mabara yote, na ripoti yake ilitoka 1990. Mwaka huo huo Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu, iliyobuniwa na mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq. Ripoti hiyo ilikataa kuzipanga nchi kwa kipato peke yake. Iliongeza umri wa kuishi na kiwango cha watu wazima wanaojua kusoma. Kwa mizani hiyo nchi maskini zilizosomesha watu wake, kama Sri Lanka, zilipanda juu ya nafasi zilizopewa na mizani ya fedha, na Tanzania nayo haikuonekana maskini kama ilivyoonekana katika orodha za kipato. Kile ambacho Mwalimu alikisema kwa miaka 20 sasa kilikuwa na jedwali la kimataifa.

Lakini mizani hiyo nayo imebadilika. Baadaye iliongezewa miaka ambayo mtu amekaa shuleni, kisha uandikishaji, na tangu 2010 kujua kusoma kumeondolewa kabisa; kinachohesabiwa ni wastani wa miaka ya masomo kwa watu wazima na miaka anayotarajiwa kusoma mtoto anayeanza leo. Nchi iliyowapeleka wengi hadi darasa la saba na kuwafungia mlango hapo haiwezi kupata alama kubwa katika kipimo hicho. Lile lililoachwa nje mwaka 1974 limeingia daftarini, likiwa deni.

Nyerere aliugua saratani ya damu na kufariki katika hospitali ya St. Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa Butiama. Mwezi uliofuata, Novemba 30, marais wa Tanzania, Kenya na Uganda walitia saini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mwaka 2001 Tanzania ilifuta tena ada ya shule za msingi. Uganda ilikuwa imetangulia 1997. Kenya na Rwanda zilifuata 2003, Burundi 2005. Januari 2002 foleni za kuandikisha darasa la kwanza zilizidi madarasa, na wakuu wa shule walilazimika kugawa watoto kwa zamu za asubuhi na mchana. Katika foleni hizo hawakuwa wa miaka saba peke yao. Walikuwepo wa miaka 10, 11 na 12, warefu kuliko madawati waliyopangiwa, ambao ada iliwaweka nyumbani wakichunga mbuzi na kuuza karanga stendi.